Nyuma ya Ramani

11 Februari

Mdogo wangu Kijiko,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili na tumbo lina kitu. Sisi tupo, tunasukuma siku. Nyonga ya mama bado inamsumbua, ila mdomo haujambo. Alimwambia shangazi aniandikie kwamba nikikaa huku mwaka mwingine bila kwenda kumwona, atatangaza nimepotea. Ni siku mbili kwa basi kwenda na siku mbili kurudi, na likizo yangu ni siku tano. Nitafika, nitasema shikamoo, nitalala, nitageuka. Nyumba yake mjomba ameipaka chokaa upande mmoja tu, ule unaoonekana na majirani. Mama anasema upande wa nyuma ni wake na Mungu.

Kazi ni ileile. Kamati ya mambo ya nje ina wabunge kumi na wawili lakini nabeba viti kumi na vinne, kwa sababu kuna mheshimiwa ambaye mkoba wake nao unakaa kitini, na mwingine ananyoosha mguu. Najaza maji, nafuta meza, najaribu vipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Mama wa chai husema hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote humu ndani na ndiyo yenye maana. Kile cha miguu mitatu cha kuwekea ramani kimevunjika mguu mmoja tangu Desemba. Nimeripoti mara nne. Kikihitajika, naambiwa nishike ramani mwenyewe. Bega la kulia asubuhi haliinuki mpaka nilibembeleze.

Sasa lile uliloniuliza. Unasema wenzako wanakwenda kujiandikisha ubalozini na unataka kujua kama nawe uende.

Usiende. Sikwambii kwa kubahatisha. Mwezi wa kumi na moja watu wa wizara walikuja mbele ya kamati, nami nilikuwa nabadilisha majagi. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba walioingia huko kwa kibali cha matembezi halafu wakafanya kazi majumbani watatafutwa kwa daftari la ubalozi, warudishwe. Wewe uliingia kwa kibali cha matembezi. Ukiandika jina lako pale umejikamatisha mwenyewe. Waache wenzako waende, kila mtu na karatasi zake. Wewe tulia, fanya kazi, nyamaza.

Shule niliacha darasa la tano, lakini miaka tisa katika chumba hiki si haba.

Ni mimi kaka yako, mbeba viti.


2 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mama anagombana, maana akinyamaza ndipo mtu ashtuke. Mimi sijambo. Kifua kimepona. Viatu ulivyonitumia vinanibana kidogo lakini navivaa.

Barua yako ilifika Jumanne, siku moja kabla ya nusu siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda ubalozini hata hivyo, nikijiambia nitatazama tu. Meza ilikuwa nje, chini ya turubai, mtu mmoja na daftari. Nilipanga foleni bila kujua kwa nini ninapanga. Nilipofika mbele akanyoosha kalamu akasema, "Jina?" Nikamwambia nimekosea mlango. Akacheka, akasema, "Dada, mlango gani, hapa ni uwanjani." Nikaondoka. Kwa hiyo nimekusikia.

Sijakuambia kazi yangu hasa ni nini siku hizi. Ni bibi, mama yake tajiri wangu wa kike. Hatembei. Kila baada ya saa tatu namgeuza ili mwili usioze upande mmoja. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Ananiita kwa jina la msichana aliyekuwepo kabla yangu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, sasa naitika. Lugha yao sijaijua vizuri, kwa hiyo mimi na yeye tuna maneno kama thelathini tu: maji, chai, dirisha, baridi, geuza, bado. Yanatosha. Kuna ndoa zina maneno machache zaidi.

Watu hapa wananunua mkate mwingi kuliko wanavyoweza kula. Tajiri wa kiume ameleta mishumaa katoni mbili. Nilimuuliza kama umeme utakatwa. Akasema, "Wewe fanya kazi yako."

Msalimie mama wa chai. Mwambie bado nasubiri picha yake.

Mdogo wako.


29 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na lililopo. Mama mzima. Shangazi mzima. Mama hajui kwamba vita imeanza huko, mjomba ametoa betri za redio akasema zimekwisha. Mama naye si mjinga. Ameacha kuomba redio.

Leo ni siku ya sita tangu ianze. Ijumaa naibu balozi wetu wa huko aliletwa kamatini. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja, suti imekunjamana, mkono mmoja ameshika mkoba mdogo kama wa mtoto wa shule. Kilikuwa kikao cha faragha. Kikao cha faragha maana yake waandishi wanatoka, wageni wanatoka, mlango unafungwa, na mimi nabaki, kwa sababu mimi ndiye miguu mitatu ya ramani.

Nilishika ramani ya mji wako saa moja na nusu. Ni ramani kubwa, inanifunika kutoka paji la uso mpaka magotini. Ukiwa nyuma yake huoni watu, unaona vivuli vyao na unasikia sauti. Naibu balozi alikuwa anagonga kwa kalamu kuonyesha, na kila akigonga naisikia kwenye kifua. Hapa wamefika. Hapa pamefungwa. Hapa hatuna taarifa.

Akasema, "Hali ni tete lakini inadhibitika."

Mheshimiwa wa mguu akauliza, "Tete kwa nani?"

"Kwa ujumla, mheshimiwa."

"Kwa ujumla ni nani huyo? Mimi simjui."

Wakacheka kidogo. Kisha wakaingia kwenye mafuta: yatapanda bei au hayatapanda, meli zitapita wapi. Saa nzima ni mafuta. Kuhusu watu wetu walio huko ilikuwa kama dakika kumi, mwishoni, mama wa chai akiwa ameshagonga mlango na sinia.

Kuna mengine yalisemwa ambayo sitayaandika hapa.

Ninachotaka ni hiki. Ukipata barua hii, nenda ubalozini ukajiandikishe. Usingoje nusu siku yako ya mapumziko. Mwambie tajiri wako unaumwa jino, mwambie lolote. Usiniulize kwa nini mwezi wa pili nilisema vile na sasa nasema hivi. Nenda tu.

Jana nilikula, nikaosha sahani, nikakaa. Nilipotazama saa ilikuwa kumi na moja jioni na bado nimeshika sahani. Nadhani ni uchovu.

Kaka yako.


9 Aprili

Kaka, shikamoo.

Sijui kama umeniandikia. Posta ya mtaa wetu imefungwa, mlangoni wameweka magunia ya mchanga. Barua hii naipa muuza mkate anayevuka mpaka mara moja kwa wiki na gari lake. Anasema ataiposti upande wa pili. Ana uso wa mtu mkweli, lakini uso wa mtu ni uso tu.

Mimi mzima. Mama naye vipi na nyonga? Msimwache akae kwenye kile kiti cha chini.

Matajiri wangu waliondoka siku ya tatu ya vita. Walipakia gari godoro, televisheni na mtungi wa gesi. Bibi alikuwa haingii tena. Tajiri wa kike aliniambia, "Siku mbili tu, tunakwenda mpakani kutafuta nyumba, tunarudi kumchukua na gari kubwa." Aliniachia ufunguo. Alipofika ngazini akarudi, nikadhani amebadili mawazo. Alikuwa amesahau miwani. Zimepita siku kumi na nne.

Lifti haifanyi kazi. Maji yapo bomba la uani, kwa hiyo ni ghorofa nne, ndoo mbili, mara tatu kwa siku. Wapangaji wengi wameondoka. Ghorofa ya pili yupo mzee mmoja, namsikia akikohoa lakini hafungui mlango. Bibi anauliza binti yake yuko wapi. Namwambia "bado". Ni mojawapo ya maneno yetu thelathini na linafaa kwa kila kitu.

Kuna mlio. Mchana zaidi. Nimezoea, yaani sijui kama nimezoea au masikio yamechoka.

Ubalozi uko ng'ambo ya mto na madaraja yote mawili yamefungwa. Nakuambia tu ujue. Silaumu.

Kama ukisikia lolote katika chumba chenu, niandikie. Hata likiwa baya. Nisipojua nafikiria mengi, na kufikiria kunanichosha kuliko ndoo.

Mdogo wako.


21 Aprili

Mdogo wangu Kijiko,

Barua yako ya tarehe tisa nimeipata Jumamosi. Muuza mkate ni mkweli. Ile yangu ya tarehe ishirini na tisa naona haikufika, basi nitakuambia sasa nilichokificha mle, maana umeomba.

Siku ile ya kwanza naibu balozi alisema hivi: watakaotolewa kwa mabasi ni waliomo katika daftari. Ni mia mbili na kumi na wanne. Asiyemo daftarini hayumo. Nilisimama nyuma ya ramani na mikono juu nikasikia hilo, na sikusema kitu. Nilirudisha viti stoo. Niliosha majagi. Nilikuandikia uende ubalozini bila kukuambia sababu, kwa kuwa sababu ni mimi. Ungekuwa wa mia mbili na kumi na tano tangu mwezi wa pili. Ulikuwa umeshapanga foleni. Mtu alikuwa ameshanyoosha kalamu.

Basi, hilo nimelisema.

Jana naibu balozi aliitwa tena. Asubuhi wakati napanga viti nilimwonyesha mama wa chai barua yako. Akasoma mpaka mwisho akaikunja.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumwambia mtu."

"Wewe? Mbeba viti? Tangu lini kiti kikatoa hoja?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Ukiongea wanakufukuza."

"Najua."

"Basi usiniulize mimi, unataka nini? Nikusaidie kufukuzwa?" Akaondoka na sinia. Akarudi. "Mwenyekiti ndiye msikivu. Wengine watauliza wewe ni nani mpaka chai ipoe."

Ramani ilikuwa mpya, ina rangi. Naibu balozi alianza kugonga. Sehemu ya kusini watu wetu themanini, wamepewa taarifa. Katikati ya mji mia moja thelathini na wanne. Kisha akaenda juu, karibu na kidole gumba changu cha kushoto, akagonga mtaa wako. Naujua, upo nyuma ya kiwanda cha matofali, nimeutafuta katika kila ramani niliyobeba tangu uende huko. Akasema, "Kaskazini hapa mapigano ni makali lakini tuna bahati, hatuna raia hata mmoja."

Nikasema, "Yupo mmoja."

Sikuisikia vizuri sauti yangu. Ilitoka kama ninapojaribu vipaza sauti. Kalamu ikaacha kugonga.

Mtu akauliza, "Nani kasema?"

Mheshimiwa wa mkoba akasema, "Ramani." Wakacheka, kicheko kikubwa, cha watu waliokaa muda mrefu.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Wewe uliye nyuma, toka tukuone."

"Nikitoka itaanguka, mheshimiwa."

Wakacheka tena. Alipowanyamazisha akaniambia niongee hukohuko. Kwa hiyo yote niliyosema niliyasema nikiwa nimeangalia mgongo wa karatasi. Nilisema ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilisema jengo la tano kutoka kiwandani, ghorofa ya nne, mlango wa kulia. Naibu balozi akasema hamo katika orodha.

"Hamo kwa sababu nilimkataza asijiandikishe."

Mwenyekiti akauliza, "Ulimkataza kwa nini?"

"Mwezi wa kumi na moja wizara ilisema humu itawakamata wa kibali cha matembezi kwa kutumia daftari."

"Wewe ulijuaje? Kile kilikuwa kikao cha faragha."

"Nilikuwepo, mheshimiwa. Nilikuwa naweka maji."

Hapo hakuna aliyecheka. Nadhani ndipo waliponiona, ingawa nilikuwa bado nimefunikwa. Niliona vivuli vyao vikitazamana. Kitu kimoja sikukijua: naibu balozi akasema, taratibu tu, kwamba ule mpango wa kukamata watu haukufanyika. Uliachwa wiki iliyofuata. Siku ya kikao hicho sikuwa chumbani, nilikuwa napakua meza mpya uani. Ndiyo elimu yangu ya miaka tisa, mdogo wangu. Nusu ya mazungumzo.

Mwenyekiti akamwambia naibu balozi aandike. Nikaisikia kalamu. Naibu balozi akauliza, "Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Yuko peke yake pale?"

Nikasema, "Yuko peke yake."

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, na bibi yumo ndani yake mstari kwa mstari. Lakini ningeanza kueleza habari za mgonjwa wa watu wengine, ambaye si raia wetu, hatembei, na anahitaji kubebwa ghorofa nne, wangeweka kalamu chini. Niliwajua kwa sauti zao. Kwa hiyo nilisema hivyo na siombi unielewe.

Kisha mwenyekiti akasema, "Endelea kushika." Nikaendelea. Wakarudi kwenye mafuta.

Kikao kilipokwisha msimamizi aliningoja mlangoni. Hakunifukuza. Amenihamishia stoo ya viti vibovu, chini, ambako hakuna anayeongea. Alisema, "Una bahati mwenyekiti amekutetea. Lakini chumbani usirudi." Nikamjibu sawa. Sikuhisi kitu. Mama wa chai alinishika mkono, nao ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine.

Barua hii inakwenda na tarishi wa wizara, ndani ya mfuko wa ubalozi. Dereva wa ubalozi ni mtu wetu, ndiye atakayekuja kukuchukua madaraja yakifunguliwa. Usifunge mizigo mingi. Akigonga, fungua.

Kaka yako.


8 Mei

Mdogo wangu,

Sina barua yako tangu ile ya mwezi wa nne, lakini naandika hata hivyo. Tarishi anasema waliotoka wanapitia jumba moja la michezo upande wa pili wa mpaka, na mifuko ya wizara inafika huko. Kama umo humo utaipata.

Mama ameanza kutembea na fimbo. Alimpiga nayo mjomba kidogo, wanasema kwa kujaribu. Redio imerudishiwa betri. Ameisikiliza siku moja akaifunga mwenyewe. Hajaniuliza habari zako. Anauliza hali ya hewa huku ikoje, halafu anasema, "Na kwingine?" Nami namwandikia, kwingine hivyohivyo.

Hapa stoo nina viti mia tatu. Nagundisha miguu, nakaza skrubu, vilivyooza nagawa mbao. Ni kazi nzuri. Hakuna kusimama.

Jana naibu balozi alikuja mara ya tatu. Sikuwepo, lakini mama wa chai alishuka baadaye na kikombe changu, akakaa juu ya kiti kisicho na mgongo, akanisimulia. Anajua kuigiza sauti zao wote. Anasema ramani sasa inashikwa na vijana wawili wa ulinzi, mmoja kila upande, na mheshimiwa wa mkoba alisema, "Naona ramani imepandishwa cheo."

Kisha mwenyekiti akauliza, "Kuna yeyote wetu aliyebaki?"

Naibu balozi akasimama. "Hapana, mheshimiwa. Wote mia mbili na kumi na tano wamevuka."

Wakapiga makofi.

Mama wa chai alinitazama akingoja nifanye kitu. Mia mbili na kumi na tano. Nilijua aliyeongezeka ni nani. Nikamwambia asante, nikanywa chai, nikarudi kwenye skrubu. Nilikuwa nimeshaukaza mguu ule mara mbili kabla sijatambua kwamba naulegeza na kuukaza tena.

Niandikie mstari mmoja. Hata bila salamu.

Kaka yako.


10 Mei

Kaka, shikamoo.

Mstari wako wa mwisho nimeupata leo asubuhi, kwa hiyo naandika zaidi ya mmoja. Nipo. Jumba ni kubwa, lina mistari ya rangi sakafuni ya kuchezea mpira, na kila mtu amepewa kipande chake cha sakafu. Blanketi ni mbili kwa watatu. Wali upo, maji yapo. Nimefurahi fimbo ya mama inafanya kazi.

Dereva alikuja Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandisha ndoo za pili. Alinipa kwanza barua yako ya tarehe ishirini na moja, nikaiweka kifuani bila kuisoma. Kisha akatoa karatasi yenye muhuri akaisoma. Mtu mmoja, mwanamke, ghorofa ya nne, yuko peke yake. Akanitazama.

"Ndivyo?"

Sikujua kwamba ni wewe uliyesema hivyo, nilisoma baadaye ndani ya basi. Pale mlangoni nilidhani wamekosea tu, na kwamba nikirekebisha kosa watasema basi ngoja tukaulize. Nikasema, "Ndivyo." Akasema nina dakika kumi, daraja litafungwa tena saa sita.

Bibi alikuwa macho. Nilimgeuza upande wa dirisha ingawa saa yake ya kugeuzwa ilikuwa haijafika. Niliweka maji kwenye vikombe vyote vilivyokuwemo ndani ya nyumba, nikavipanga juu ya kiti pale mkono wake unapofika. Vilikuwa kumi na tisa. Mkate niliukata vipande vidogo. Aliniuliza kitu, neno ambalo si katika yale tunayoelewana. Nikamjibu "bado". Dereva alikuwa ukumbini, hakusogea, na nadhani alisikia sauti mbili. Alikuwa anatazama viatu vyake. Tuliposhuka niligonga kwa mzee wa ghorofa ya pili nikapitisha ufunguo chini ya mlango na karatasi. Sikusikia kikohozi.

Usiniandikie kwamba sikuwa na njia. Najua njia zilizokuwepo. Na usijilaumu kwa kalamu ile ya uwanjani wala kwa maneno yako ya nyuma ya ramani, maana ukijilaumu itabidi nikufariji, na sina nguvu. Wewe ulisema nikiwa mbali. Mimi nilisema mlango wa chumba ukiwa wazi.

Nilikuwa nimeamua kuishia hapo, lakini utasikia kwa wengine, kuna watu wetu wengi walioona.

Jumba hili halitupokei sisi tu. Wenyeji waliokimbia nao wanalala humu, upande wa pili wa mstari mwekundu, na chakula foleni ni moja. Jana mchana nilikuwa nimepanga na sahani yangu, mtu wa mbele yangu akageuka. Ni tajiri wangu wa kike. Amekonda. Miwani ina ufa. Alinishika mkono kwa furaha kabisa, kwa mikono yote miwili, akaanza kusema wamezuiwa kurudi, wamejaribu mara tatu, barabara, askari, gari limechukuliwa. Alikuwa anasema haraka. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Alitazama nyuma ya bega langu la kushoto, halafu la kulia, halafu kule mlangoni ambako wagonjwa wanalazwa kwenye magodoro.

Akarudisha macho kwangu. Hakuuliza. Mimi nikatazama sahani yangu.

Akaachia mkono wangu, akageuka mbele. Foleni ikasogea, naye akasogea, nami nikasogea.

Ndege yetu ni Jumanne. Mwambie mama.

Mdogo wako.